Jiko la Beltsville

"Moshi?" Kipchumba alicheka, akajipiga kifua kwa kiganja kama mtu anayejaribu ngoma kabla ya kuinunua. "Daktari, nyumbani kwangu moshi haujawahi kukaribishwa hata kwa glasi ya maji. Uliza ukoo mzima. Hakuna aliyewahi kushika sigara, si babu, si baba, si mimi. Kwetu mapafu ni ya kukimbilia, si ya kukaushia tumbaku."

Aliyasema hayo kwa Kiingereza kilichonyooka, mguu mmoja juu ya mwingine, ndani ya kliniki ya mapafu huko Rockville, na lau pasingekuwa na watu angejipigia makofi. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua, hakucheka. Alikuwa akitazama mstari kwenye kompyuta. Mstari huo ulikuwa pumzi ya Chebet, mke wa Kipchumba, aliyetoka kupuliza mrija hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

"Una miaka thelathini na mmoja," daktari alimwambia Chebet. "Lakini pumzi hii ni ya mtu aliyevuta sigara tangu akiwa shule."

"Sijawahi kuvuta. Hata moja."

"Nakuamini. Ndiyo maana nimeuliza habari za moshi. Sikuuliza habari za sigara. Hayo ni mambo mawili."

Chebet akaanza kukumbuka kwa sauti. Jiko la mama yake kule Kapsabet, nyumba ya udongo isiyo na dirisha, kuni mbichi msimu wa mvua, na yeye mgongoni mwa mama, kisha pembeni ya mama, kisha mahali pa mama, akipuliza moto tangu hajajua kusoma. Dawa za kusafishia kwenye makao ya wazee anakofanya kazi ya usiku, zile za kupuliza kwenye bafu zinazouma koo kama pilipili. Halafu kile kiangazi misitu ya Kanada ilipoungua, mbingu ya Maryland ikageuka rangi ya chungwa, naye akawa anasukuma kiti cha mzee mmoja bustanini kwa sababu mzee alitaka kuona maua.

"Yote hayo yamechangia," daktari alisema. "Lakini kikohozi hiki kimeanza baridi ilipoingia, na unasema ukiwa kazini kinapungua. Basi kuna kitu nyumbani. Kitafuteni. Mapafu hayana spea, mama. Kilichoharibika hatutakirudisha. Tunaokoa kilichobaki."

"Labda ni mapishi ya jirani," Kipchumba alisema, akacheka. Alicheka peke yake.

Ndani ya gari Chebet alisubiri mpaka walipoingia barabara kuu ya kurudi Germantown. Kisha, akiwa anatazama mbele, akaita:

"Kipchu."

"Naam, mama wa mapafu."

"Vile vibuyu vyako."

"Vibuyu navyo vimekosa nini?"

"Unavichomea wapi?"

Kipchumba alikuwa dereva wa basi, mtu aliyezoea kukwepa magari huku anaongea. "Si nilishakuambia? Kwa mzee Mutai, Beltsville. Uani, hewani kabisa, ndege wakishuhudia."

"Na hii baridi?"

"Baridi ni ya watu wa pwani. Halafu wewe nawe, ule si moshi, ile ni dawa. Kogo, bibi yangu, aliishi ndani ya moshi ule mpaka miaka tisini."

"Na akakohoa miaka yote tisini," Chebet alisema. "Sikia. Siku nitakayokuta jiko ndani ya nyumba yangu, hiyo mursik utainywa peke yako. Mimi nitakuwa kwa dada yangu, Minnesota. Na sitakuwa nimeenda kutembea."

"Sawa, afande."

"Sicheki, Kipchumba."

Alipoitwa jina lake zima, Kipchumba aliwasha redio.

Sasa, ambaye hajawahi kuonja mursik asije akadhani watu hawa waligombana kwa ajili ya maziwa tu. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe, yakatiwa ndani ya kibuyu ambacho tumbo lake limesuguliwa kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichowaka hadi kikawa kaa. Kaa hilo hupondwa ndani kwa ndani, kibuyu kikawa cheusi na laini kama utosi wa mtoto, kisha maziwa hukaa humo siku kadhaa mpaka yagande na kupata ule uchachu unaomrudisha mtu mzima kwao bila tiketi. Kwa Wakalenjin wa Maryland hakuna posa, hakuna mahafali, hakuna mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege, bila kibuyu. Waliojaribu kutumia makaa ya supamaketi walipata maziwa yenye ladha ya mafuta ya taa, na mpaka leo wanataniwa kanisani.

Ila Kipchumba, mkono wake ulikuwa na baraka. Vijiti vyake vilitoka nyumbani hasa, vimefungwa ndani ya mashuka kwenye masanduku ya watu waungwana. Wiki nzima abiria walimwonyesha migongo wakishuka basi, wengine bila hata kusema asante. Lakini Jumapili, wazee wasiomkumbuka jina walisimama kumpa mkono: "Huyu ndiye mwenye vibuyu!" Mtu akishasimamiwa na wazee, ni vigumu kumwambia aache.

Na ukweli ni kwamba kwa Mutai aliwahi kwenda. Majira ya joto. Desemba ilipofika, upepo wa Beltsville ukawa unakata masikio, na Mutai mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko makaa. Kipchumba akaanza kufanyia gereji ya nyumbani, kidogo tu, mara moja tu. Kisha ikawa mara moja tu kila wiki. Chumba cha kulala kilikuwa juu ya gereji hiyo, na Chebet, mtu wa kazi ya usiku, alilala mchana.

Baada ya kliniki, Chebet alipekua nyumba kama polisi wa forodha. Mishumaa ya manukato ikaenda kwenye pipa. Marashi ya Kipchumba yakafuata. Zulia la sebuleni likakunjwa likatolewa nje, ingawa halikuwa na kosa lolote ila ubaya wake. Akamwomba Malkia, jirani wa ukuta kwa ukuta, asiwashe udi kwa muda, na Malkia akakubali mara moja. Malkia alikuwa Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park, akakipenda hadi akakipiga pasi. Hakikuwa na hata mkunjo. Chebet alimfanya dada, kwa hiyo Kipchumba akawa shemeji yake.

Kipchumba alishiriki msako kwa bidii kubwa. Alinusa makabati. Alilaumu jiko la gesi. Alipanda ngazi akachungulia mabomba ya hewa ya moto kwa tochi, akasema, "Huku pia hakuna," kwa sauti ya mtu aliyetafuta kweli. Usiku Chebet alienda kazini na inhela, ile dawa ya kuvuta aliyopewa kliniki, mfukoni, na asubuhi alirudi akalala, na alipoamka alikuwa amekohoa mto mzima.

Ijumaa Mutai akapiga simu.

"Kijana! Koito, posa ya Jepkosgei, ni Jumamosi ijayo, wakwe wanakuja na basi zima. Maziwa yasipoingia kibuyuni leo hayatashika. Unataka binti yangu apokee watu kwa soda?"

"Mzee, mambo ya nyumbani kidogo hayako sawa..."

"Nimeshawaambia wakwe kwamba nina mtu. Nikawaambia, huyo mkono wake hauna mwenzake kutoka hapa mpaka Texas."

Hapo ndipo Kipchumba alipokwisha. Angeombwa angekataa, lakini alisifiwa, na sifa zilijua mlango wa nyuma.

Saa sita mchana alikuwa gerejini. Nje barafu ilikuwa imeng'ang'ania barabara, na mlango mkubwa wa gereji ulifungwa hadi chini, maana mwezi uliopita Gregori wa ng'ambo ya barabara aliona moshi wa samaki wa mtu akaita magari mawili ya zimamoto. Jiko la bati na udongo, lililokuja Amerika ndani ya sanduku la mchungaji, lilikuwa katikati ya sakafu, jekundu. Vibuyu vimejipanga ukutani kama waumini, na sufuria la maziwa yaliyochemshwa linapoa kando. Chini ya mlango wa kuingilia nyumbani Kipchumba alikuwa ameziba kwa blanketi, ili harufu isipande kwa Chebet. Yeye aliliita jambo hilo upendo.

Tatizo lilikuwa king'ora cha moshi. Kilikuwa kimebandikwa ukutani hapo hapo karibu na mlango, duara jeupe linaloongea kwa sauti ya mwanamke, Kiingereza cha mwalimu mkuu. Makaa hayajakolea sawasawa kikaanza kutangaza hatari. Kipchumba akakibandua. Kikaendelea mkononi. Akakifunga taulo la bluu, kikaendelea ndani ya taulo. Akafungua friza kuukuu lililokuwa pembeni, akakizika kati ya nyama ya mbuzi na sukuma wiki iliyogandishwa.

"Poa humo, mama mkwe," alikiambia, akafunga.

Kile cha juu, cha karibu na chumba cha kulala, kilikuwa kimekufa betri tangu Krismasi. Aliahidi kununua nyingine.

Akaanza kazi. Kijiti kwenye moto, kijiti kibuyuni, kuponda, kuzungusha, kukung'uta. Hewa ikawa nzito na tamu. Akawa anaimba chini chini wimbo wa jandoni, akijiona Jumamosi ijayo wazee wakisimama.

Juu, Chebet akakohoa.

Mkono wa Kipchumba ukasimama ndani ya kibuyu. Akasikiliza, uso ameuelekeza kwenye dari. Kikohozi kingine, kirefu, kile kinachoishia na mluzi kifuani. Kisha kimya.

"Amelala," alijiambia. "Watu hukohoa wakilala."

Alichukua kijiti kingine. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kugonga kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Chai, aliwaza. Sijanywa chai. Akasikiliza tena. Kimya cha juu hakikuwa kama kimya cha jana. Mtu aliyelala hugeuka, kitanda hulia, maji hupita bombani. Sasa hakukuwa na kitu. Alitazama vibuyu vilivyobaki, akatazama dari, akatazama vibuyu.

"Hiki kimoja," alisema. "Hiki, halafu nafungua mlango."

Hakukimaliza. Kitu kizito kilianguka ghorofani, juu ya kichwa chake, mbao za dari zikatikisika, na vumbi jembamba likamwagika ndani ya maziwa.

Alipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta Chebet sakafuni mlangoni mwa bafu, nusu ndani nusu nje, ametapika, macho wazi lakini hayakumtazama mtu.

"Chebet! Wee Chebet!"

"Kichwa," alisema Chebet. Ulimi ulikuwa mzito. "Kipchu, kichwa kinapasuka. Miguu imekataa."

Alimbeba. Yeye aliyejisifu kwa mapafu ya milimani alifika chini akihema kama mbwa wa Agosti. Gari lilikuwa nje, kwa kuwa gereji ilikuwa na shughuli, na Malkia naye alikuwa nje akirudisha pipa la taka. Aliacha pipa likaanguka.

"Chebet amepatwa na nini, shemeji?"

"Pumu! Ni pumu tu! Fungua mlango wa gari!"

Malkia akafungua, akamshika Chebet miguu, miguu ilikuwa mitupu kwenye ile baridi. Kipchumba alirusha ufunguo wa nyumba hewani bila kuangalia. "Nifungie nyumba, tafadhali!" akaondoka matairi yakiteleza.

Kwenye taa ya pili ya barabarani ndipo akili ilipomrudia. Jiko.

Jiko lilikuwa linawaka. Jiko, blanketi, vibuyu, friza, yote yalikuwa pale, na ufunguo wa hayo yote alikuwa ameutupa kwa mkono wake mwenyewe. Simu ilikuwa mbele yake. Angempigia Malkia amwambie asiingie. Au amwambie aingie azime, nyumba isiungue. Lakini vyovyote vile angelazimika kutamka lile neno, na Chebet alikuwa ameegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango kando yake, pua nje ya dirisha lililofunguliwa, akivuta upepo wa barafu kama maji.

"Kipchu," alisema bila kufungua macho.

"Tunafika. Tunafika sasa hivi."

"Mbona unanuka jikoni kwa mama?"

Mikono ya Kipchumba ikakaza usukani. "Ni hili koti. Lilikuwa kwa Mutai."

Kichwa cha Chebet kiliinama. Pengine alikuwa amezimia, pengine alikuwa anafikiri, na Kipchumba hakujua aombe lipi.

Hospitali walimpokea haraka. Kitanda, pazia, kibanio cha kidoleni. Daktari wa zamu alikuwa kijana mrefu mwenye asili ya Nigeria, Nnamdi jina lake, mwenye Kiingereza cha upole na macho yasiyo na haraka. Alisikiliza kifua, akatazama ile namba ya kibanio, akakunja uso.

"Oksijeni tisini na nane. Ni nzuri mno." Alilitamka neno nzuri kana kwamba halimpendezi. "Kifua kinapiga mluzi, ndiyo, lakini pumu haimfanyi mtu atapike na miguu ikatae. Kichwa kilianza lini?"

"Nimeamka nacho," Chebet alisema.

"Nyumbani kuna mtu mwingine anayeumwa kichwa?"

"Hapana," alisema Kipchumba, ambaye paji lake lilikuwa likipigwa nyundo.

"Mnapasha nyumba joto kwa nini? Kuna kitu chochote kinachowaka? Mkaa, jenereta, gari lililoachwa likiunguruma?"

"Nyumbani kwangu, daktari," Kipchumba alianza, na ile hotuba ya kliniki ikatoka yenyewe, imezoea njia, "hakuna hata aliyewahi kuvuta sigara."

"Sikuuliza sigara."

Ilikuwa mara ya pili wiki hiyo kuambiwa hivyo. Nnamdi akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo madaktari wa chumba cha dharura hawafanyi bila sababu. "Sikiliza, bwana. Kuna sumu moja ambayo kibanio hiki hakiioni. Ni hewa ya mkaa. Haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu hujifanya oksijeni, kifaa kinadanganyika. Mtu anaonekana mzima kwenye namba huku anakufa. Nikiijua mapema naitibu. Nisipoijua nitampa dawa ya pumu, atajisikia nafuu kwa sababu hapa hewa ni safi, nitawarudisha nyumbani akapumzike. Na akilala pale pale anapolala, huenda asiamke. Kwa hiyo nakuuliza tena."

Kipchumba alimtazama mkewe. Chebet alikuwa amefumba macho, lakini kope zilikuwa zinacheza. Alikuwa anasikia. Kila neno.

Minnesota, Kipchumba aliwaza. Kisha akawaza kitanda kitupu, kitupu kwa sababu ya kaburi, si ya Minnesota. Utani wote aliokuwa nao, ule wa basini, wa kanisani, wa kumtuliza mkaguzi wa tiketi na mama mkwe, aliutafuta akakuta umehama.

Ndipo akajaribu biashara ya waoga, kumpa daktari nusu na kumficha mke nusu.

"Kulikuwa na jiko," alisema. "La makaa. Lakini nje. Uani."

"Uani kabisa? Si kwenye kibaraza, si chini ya dirisha lake?"

"Nje kabisa. Hewani."

Nnamdi akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Basi hiyo si kitu. Upepo huibeba. Nilishaogopa." Akasimama. "Tutampa mvuke wa kufungua kifua, tumwangalie kidogo, halafu aende nyumbani alale."

Alale. Daktari akageuka, akashika pazia. Kipchumba akainuka nusu, mkono mbele.

"Daktari," aliita.

"Ndiyo?"

"Lile jiko..."

"Ndiyo?"

Chebet akafumbua macho. Alimtazama mumewe kwa subira, jinsi anavyowatazama wale wazee wake anapowasubiri wameze kidonge.

Pazia likafunguliwa kwa upande mwingine.

Alikuwa Malkia. Amekumbatia viatu vya Chebet kifuani, anahema, koti lake jeupe lina masizi hadi kwenye viwiko, na juu ya shavu moja kuna alama ya vidole vyeusi, vyake mwenyewe.

"Samahanini sana kwa kuingia bila hodi," alisema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Dada yangu, nimekuletea viatu. Shemeji, ondoa wasiwasi kabisa kuhusu nyumba. Nilipokwenda kufunga niliona moshi unatoka chini ya mlango wa gereji, nikaingia. Lile jiko nimelizima kwa theluji."

Chebet na Kipchumba walimkodolea macho. Malkia akadhani hajaeleweka, akaongeza, kwa ukarimu wa mtu anayetaka kumaliza kazi vizuri:

"Mlango mkubwa nimeuinua, hewa iingie. Na lile blanketi ulilokuwa umeziba chini ya mlango wa ndani nimelitoa, lilikuwa limeanza kuungua. Vibuyu vyote ni salama, shemeji. Vizuri mno. Nikasikia tena mwanamke anapiga kelele ndani ya friza, nikapatwa na hofu kubwa, lakini alikuwa ni huyu."

Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kile kidude cheupe, bado kimevikwa nusu taulo la bluu, na jani la sukuma wiki limegandia ubavuni. Akakiweka juu ya shuka, miguuni pa Chebet.

Nnamdi hakujua neno la Kiswahili hata moja. Alikitazama kidude kile, akayatazama masizi kwenye koti la Malkia, akamtazama Kipchumba, na king'ora hakikuhitaji mkalimani. "Uani," alisema taratibu. Kisha akaacha kutembea kama mtu na kuanza kukimbia kama daktari. Aliita muuguzi, akaita damu ipimwe, akaita oksijeni ya nguvu, na maski kubwa yenye mfuko ikashuka juu ya uso wa mgonjwa. "Na yeye pia," alisema akimwonyesha Kipchumba kidole. "Mketisheni. Kwa muda gani amekuwa humo, jamani?"

Kipchumba aliketishwa. Alivalishwa maski yake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na maneno na hapakuwa na njia ya kuyatolea.

Kitanda kwa kitanda, Chebet akamgeukia. Alivuta pumzi moja ndefu, mfuko ukanywea, akavuta nyingine. Halafu akainua maski kidogo kwa kidole gumba.

"Kipchumba," alisema, jina zima. "Mutai hajambo?"